Nani alishindwa Novemba 1918? Jibu kwa mwalimu wa Tabora

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari mjini Tabora. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu amemkwamisha darasani: kama Ujerumani ilishindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, mbona tarehe 11 Novemba 1918 majeshi yake yalikuwa bado ndani ya Ufaransa na Ubelgiji, hakuna adui aliyekanyaga ardhi yao, na huku kwetu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, alikuwa bado anapigana? Mwalimu mwenyewe amesoma mahali kwamba jeshi lile halikushindwa, liliuzwa na wanasiasa na wanamapinduzi wa nyumbani. Anauliza kama ni kweli, na tarehe ipi awape wanafunzi kuwa ndiyo mwisho wa vita.

Mwalimu, huyo kijana umtunze. Swali lake liliwasumbua Wajerumani wenyewe miaka mingi baada ya vita, na waliolijibu kwa uongo walikuja kuiingiza Ulaya katika balaa jingine. Jibu langu kwa ufupi: jeshi la Ujerumani lilishindwa, tena uwanjani. Wa kwanza kukiri walikuwa makamanda wake wakuu wawili, Paul von Hindenburg na Erich Ludendorff, tarehe 29 Septemba 1918. Siku hiyo hakuna mwanamaji aliyekuwa ameasi, hakuna jamhuri iliyotangazwa, na mfalme wao, Kaiser Wilhelm II, alikuwa bado amekalia kiti chake. Ukishika mfuatano huo wa tarehe, hadithi ya jeshi kuuzwa inakosa pa kusimama.

Kuna rekebisho dogo kwenye hoja ya kijana. Jimbo la Alsace, mpakani na Ufaransa, lilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871, na Wafaransa walishikilia kipande chake cha kusini, pamoja na mji wa Thann, tangu 1914 mpaka mwisho. Ni kipande kidogo, lakini anayependa kubishana akijue.

Turudi mwanzoni mwa 1918, wakati Ujerumani ilipoonekana iko karibu kushinda. Urusi ilikuwa imetoka vitani. Mkataba wa Brest-Litovsk, uliosainiwa 3 Machi, uliiachia Ujerumani ubwana wa nchi kuanzia Baltiki hadi Ukraine, na zaidi ya divisheni 40 zikapandishwa treni kutoka mashariki kwenda Ufaransa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Wajerumani walikuwa wengi kuliko wapinzani wao upande wa magharibi. Ludendorff alijua wingi huo ni wa muda. Marekani ilikuwa imeingia vitani Aprili 1917 na vijana wake walikuwa njiani. Nyumbani, manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia za bahari kiasi kwamba katika majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 raia waliishi kwa tanipu, chakula cha mifugo, baada ya mavuno ya viazi kuharibika. Basi akaamua kumaliza kazi kabla Wamarekani hawajatimia.

Tarehe 21 Machi, saa 10:40 alfajiri, mizinga zaidi ya 6,000 ilifunguka dhidi ya Waingereza karibu na Saint-Quentin na kuendelea kwa saa tano. Kisha wakaingia askari wa kuvamia, vijana waliochaguliwa na kufunzwa kupenya mahali palipo laini na kuziacha ngome zishughulikiwe na wanaofuata nyuma. Ukungu uliwasaidia. Siku hiyo moja Waingereza walipoteza watu zaidi ya 38,000, wakiwemo mateka 21,000. Ndani ya wiki mbili Wajerumani walikuwa wamesonga kilomita 60 na ushei, umbali ambao kwa miaka mitatu hakuna upande uliokuwa umeuota. Mzinga wa masafa marefu ulianza kuipiga Paris ukiwa kilomita 120 hivi kutoka mjini. Ijumaa Kuu, 29 Machi, kombora lake liliangukia kanisa la Saint-Gervais na kuua watu wapatao 90.

Hapo ndipo watu wengi husoma neno ushindi. Mimi naona mwanzo wa kushindwa, na nitaeleza kwa nini. Siku ile ya kwanza Wajerumani nao walipoteza karibu watu 40,000, na hao ndio walikuwa bora kuliko wote. Ili kuunda vikosi vya kuvamia, Ludendorff alikuwa ametoa vijana wenye nguvu na maofisa hodari kutoka divisheni nyingine, akabakiza nyuma wazee, wagonjwa na waliochoka. Wateule wakawa wa kwanza kufa. Ni mkulima aliyekula mbegu. Halafu kile kilichotekwa hakikuwa na faida: eneo lililosagwa na vita vya 1916, halina barabara wala reli nzima. Mji wa Amiens, ambao ndio ulikuwa fundo la reli za Waingereza na Wafaransa, haukuanguka. Malori ya Wajerumani yalitembea kwa magurudumu ya chuma kwa sababu mpira haukupatikana, farasi walikuwa wamekonda, na askari walipoingia kwenye maghala ya Waingereza karibu na Albert walikuta nyama, mvinyo na viatu vipya. Watu waliokuwa wakiambiwa kila siku kwamba nyambizi zimewatia Waingereza njaa, leo wanaona adui anakula kuliko wao. Kikosi kikisimama kupora vyakula, mashambulizi nayo yanasimama.

Ludendorff alijaribu tena Aprili huko Flanders, tena 27 Mei huko Chemin des Dames, ambako alifika mto Marne, kilomita 90 hivi kutoka Paris. Kila mara alipasua ukuta, kila mara akakosa nguvu ya kuingia ndani. Mafua ya mwaka ule nayo yalipita katika mahandaki ya pande zote mbili, ila yaliwakuta Wajerumani wakiwa na njaa. Kati ya Machi na Julai jeshi lake lilipoteza watu wanaokadiriwa kukaribia milioni moja, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Upande wa pili, Wamarekani walikuwa wanateremka bandarini zaidi ya 200,000 kila mwezi. Washirika, yaani Waingereza, Wafaransa na wenzao, nao walikuwa wamejifunza jambo: kishindo cha Machi kiliwalazimisha kumpa mtu mmoja, Mfaransa Ferdinand Foch, kazi ya kuratibu majeshi yao yote. Miaka mitatu na nusu walikuwa hawajaweza kukubaliana hilo.

Shambulio la mwisho la Wajerumani lilianza 15 Julai pande zote mbili za Reims. Siku tatu baadaye, 18 Julai, Wafaransa pamoja na divisheni za Marekani walitoka kwenye msitu wa Villers-Cotterêts wakiwa na vifaru vidogo vya Renault, na tangu asubuhi ile Ujerumani haikushambulia tena kwa ukubwa wowote hadi vita vinakwisha.

Kisha ikaja 8 Agosti, mbele ya Amiens. Mwanafunzi wako akitaka siku moja tu ya kukumbuka katika mwaka ule, mpe hii. Saa 10:20 alfajiri, katika ukungu, jeshi la Jenerali Rawlinson wa Uingereza lilianza kusonga: Waaustralia chini ya Monash, Wakanada chini ya Currie, Waingereza kaskazini na Wafaransa kusini yao, vifaru zaidi ya 500. Hapakuwa na mizinga ya kutangulia siku kadhaa kama zamani, ambayo ilikuwa inampigia adui kengele. Mizinga ilikuwa imepimiwa shabaha kwa mahesabu, kimyakimya, na ilipofyatuka ililenga mizinga ya Wajerumani iliyokwisha kutambuliwa kwa ndege na kwa vifaa vya kupima sauti. Jioni Wajerumani walikuwa wamepoteza watu 27,000 hivi, na mateka peke yao walizidi 12,000.

Katika kumbukumbu zake baada ya vita Ludendorff aliiita siku hiyo siku nyeusi ya jeshi la Ujerumani. Kilichomtisha ni jinsi watu walivyojisalimisha. Vikundi vizima vilinyosha mikono mbele ya askari wachache. Divisheni zilizoletwa kuziba pengo zilizomewa na waliokuwa wanarudi nyuma, wakaitwa wavunja mgomo. Jeshi likifika mahali askari anamwona mwenzake anayekwenda kupigana kuwa msaliti wa wenzake, kamanda hana tena cha kuamuru.

Wanahistoria wanabishana kama kuvunjika huko kulianzia mbele au nyuma, na mabishano ni halali. Njaa ya nyumbani ilifika mahandakini kwa barua. Askari aliyerudi likizo aliona watoto wake. Sikatai. Ila tazama hesabu ya uwanjani: kati ya 18 Julai na 11 Novemba Washirika waliteka Wajerumani wapatao 385,000 na mizinga 6,600 hivi. Zaidi kidogo ya 188,000 ya hao walitekwa na jeshi la Uingereza, ambalo miezi minne nyuma lilikuwa linakimbia. Jeshi lisiloshindwa halipotezi mizinga 6,600.

Mwishoni mwa Septemba Foch aligonga kila mlango kwa zamu. Tarehe 26, Wamarekani na Wafaransa kati ya mto Meuse na msitu wa Argonne. Pigano hilo liliendelea hadi mwisho na kuua Wamarekani zaidi ya 26,000. Tarehe 27, Waingereza na Wakanada kuelekea Cambrai. Tarehe 28, Wabelgiji pamoja na mfalme wao Albert huko Flanders. Tarehe 29, Ngome ya Hindenburg yenyewe: divisheni ya 46 ya Uingereza, watu wa kawaida kutoka katikati ya nchi, walivuka mfereji wa Saint-Quentin wakiwa wamevaa maboya ya kuokolea watu yaliyochukuliwa kwenye meli, wengine wakapita juu ya daraja la Riqueval kabla halijalipuliwa. Mstari ambao Ujerumani iliujenga kwa saruji ili uikinge kwa miaka ulipasuka kwa siku moja.

Pigo jingine lilitoka mahali ambapo vitabu vyetu vya shule hupita haraka mno. Huko Makedonia, tarehe 15 Septemba, Waserbia na Wafaransa chini ya Jenerali Franchet d'Espèrey walivunja mstari wa Wabulgaria kwenye milima ya Dobro Pole. Wiki mbili baadaye Bulgaria ikasaini kusitisha mapigano mjini Thesaloniki. Ni nchi ndogo, lakini tazama ramani. Bulgaria ikitoka, njia ya reli kati ya Berlin na Istanbul imekatika, mto Danube uko wazi, na mafuta ya Romania, ambayo bila hayo malori, ndege na nyambizi za Ujerumani zisingetembea, hayana tena mlinzi. Ujerumani haikuwa na divisheni za kupeleka huko. Zote zilikuwa zinafia Ufaransa.

Sasa tumefika mji wa Spa nchini Ubelgiji, makao makuu ya jeshi la Ujerumani, na hapa nakuomba twende polepole.

Jioni ya 28 Septemba Ludendorff aliingia ofisini kwa Hindenburg na kumwambia kwamba lazima waombe kusitisha mapigano, tena mara moja. Mzee alikubali. Kesho yake walimweleza Kaiser na waziri wa mambo ya nje, Paul von Hintze. Ukweli ukawa mezani. Halafu ikazuka hesabu ya kisiasa ambayo kwangu ndiyo kiini cha swali lako. Ujerumani ya 1918 haikuwa inaongozwa na bunge. Kwa miaka miwili wanajeshi hao wawili ndio waliokuwa watawala hasa. Ghafla wakataka serikali ya vyama vya bunge iundwe, ili hiyo ndiyo iombe amani. Sababu moja ilikuwa kumpendeza Rais Wilson wa Marekani, ambaye masharti yake 14 ya amani yalionekana mepesi. Sababu ya pili Ludendorff aliisema mwenyewe kwa maofisa wake tarehe 1 Oktoba, na mmoja wao akaiandika katika shajara: hao waliotufikisha hapa waingie serikalini, wafanye amani inayobidi kufanywa, wainywe supu waliyotupikia.

Soma tena maneno hayo, mwalimu. Mtu aliyepika supu anawapa wengine bakuli.

Tarehe 2 Oktoba ofisa aliyetumwa kutoka Spa aliwaeleza viongozi wa vyama bungeni hali halisi. Walipigwa na butwaa, kwa sababu taarifa za jeshi mpaka kiangazi kile zilikuwa za ushindi tupu. Mwanamfalme Max wa Baden, aliyekuwa anachukua ukansela, aliomba apewe muda ili barua isionekane kama kilio cha kuomba rehema. Hindenburg alimjibu kwa maandishi, tarehe 3 Oktoba, kwamba jeshi linashikilia dai lake la 29 Septemba: amani iombwe bila kuchelewa. Usiku huo barua ikaenda kwa Wilson. Waraka ule wa Hindenburg upo, una tarehe na saini. Ukiwa nao, huna haja ya kubishana na mtu anayesema raia waliwalazimisha majenerali.

Wilson hakuwa mwepesi kama walivyodhani. Katikati ya kuandikiana, 10 Oktoba, nyambizi ya Ujerumani ilizamisha meli ya abiria Leinster karibu na Dublin na kuua zaidi ya watu 500. Majibu ya Wilson yakawa makali: nyambizi zikome, na Marekani haitazungumza na watawala wa kijeshi. Wakati huohuo mstari wa mbele, ingawa ulirudi nyuma, haukukatika kama Ludendorff alivyohofia, kwa sababu Washirika nao walikuwa wanapita katika nchi iliyoharibiwa na reli zao zilikuwa zinabaki nyuma. Ludendorff akageuka. Akaanza kusema tupigane mpaka mwisho. Tarehe 26 Oktoba akaondolewa, nafasi yake akapewa Wilhelm Groener, mtaalamu wa reli na usafirishaji. Ludendorff alikimbilia Sweden akiwa amejibadilisha sura, akaanza kuandika kumbukumbu zake.

Washirika wa Ujerumani walianguka kwa kufuatana. Milki ya Osmani ilisaini 30 Oktoba ndani ya manowari Agamemnon huko Mudros. Austria-Hungaria ilipigwa na Waitaliano huko Vittorio Veneto, mataifa yake yakajitangazia uhuru, na 3 Novemba ikasaini. Sasa njia ya kuingia Bavaria kutoka kusini ilikuwa wazi. Hilo nalo huwa linasahauliwa na wanaosema Ujerumani ilikuwa salama ndani ya mipaka yake.

Mapinduzi yalikuja baada ya hayo yote, na chanzo chake kinachekesha kwa uchungu. Wakuu wa jeshi la majini, bila idhini ya serikali mpya, walipanga kuzitoa meli kubwa zikapigane na Waingereza kwa mara ya mwisho, kwa heshima. Wanamaji walisoma mpango huo kuwa ni kuwapeleka kufa wakati amani inajadiliwa. Usiku wa kuamkia 30 Oktoba, mbele ya Wilhelmshaven, walizima moto kwenye matanuri ya meli Thüringen na Helgoland. Waliokamatwa wakapelekwa Kiel, wenzao wakaandamana kudai waachiliwe, na 4 Novemba mji ukawa mikononi mwa wanamaji na wafanyakazi. Siku tatu baadaye Munich. Tarehe 9, Berlin: Philipp Scheidemann akatangaza jamhuri kutoka dirisha la bunge, na Friedrich Ebert, mtengeneza matandiko ya farasi, akawa mkuu wa serikali. Asubuhi hiyohiyo huko Spa maofisa 39 walioitwa kutoka mstari wa mbele waliulizwa kama askari wao wangemfuata Kaiser kwenda kuirudisha Berlin kwa nguvu. Mmoja tu alijibu ndiyo. Kaiser akavuka kwenda Uholanzi.

Je, mapinduzi hayakuwa na athari? Yalikuwa nayo. Yaliwaondolea Wajerumani uwezo wowote wa kujadiliana waliokuwa wamebaki nao. Lakini vita vilikuwa vimeshapotea, na ombi la kusitisha lilikuwa limekaa mezani mwezi mzima.

Ujumbe uliotumwa kwa Foch uliongozwa na raia, Matthias Erzberger, mbunge wa chama cha Wakatoliki. Walikutana naye 8 Novemba ndani ya behewa la treni katika msitu wa Compiègne. Walipewa saa 72. Masharti: kuondoka Ufaransa, Ubelgiji, Luxembourg na Alsace-Lorraine ndani ya siku 15, kuuacha ukingo wa kushoto wa Rhine pamoja na maeneo ya ng'ambo ya madaraja ya Mainz, Koblenz na Cologne, kukabidhi mizinga 5,000, bunduki za rashasha 25,000, ndege 1,700, injini za treni 5,000 na mabehewa 150,000, kufutwa kwa Brest-Litovsk, na mzingiro wa bahari kuendelea. Jeshi linalokabidhi vitu hivyo haliwezi kurudi vitani wiki inayofuata, na hiyo ndiyo ilikuwa nia. Erzberger aliomba ushauri Spa. Hindenburg alijibu kwa simu ya maandishi: jaribuni kupunguza haya na haya, mkishindwa sainini hivyohivyo. Wakasaini saa 11 na dakika kadhaa alfajiri ya 11 Novemba, mapigano yakome saa 5 asubuhi. Katika saa hizo sita bado watu wapatao 2,700 wa pande zote walikufa. Wakanada waliingia Mons asubuhi hiyo, mji ambao Waingereza walipigania pigano lao la kwanza Agosti 1914.

Kwa nini Washirika hawakuendelea hadi Berlin? Jenerali Pershing wa Marekani alitaka hivyo. 30 Oktoba aliandika kwa Baraza Kuu la Vita akishauri Ujerumani ishinikizwe mpaka ijisalimishe bila masharti. Mashambulizi mapya huko Lorraine yalikuwa yamepangwa 14 Novemba. Foch alikuwa na hoja nyingine: akipata kwa karatasi kile ambacho vita vingempa, hakuna mwenye haki ya kumwaga damu zaidi. Ufaransa ilikuwa imezika zaidi ya watu milioni 1.3. Waingereza hawakuwa na vijana wa kujaza divisheni zao, na London haikutamani amani ya 1919 itakayoamuliwa na jeshi kubwa la Wamarekani. Wapo leo wanaosema Pershing aliona mbali. Mimi siwezi kumlaumu Foch kwa kuokoa watoto wa watu, ingawa ni kweli kwamba raia wa Berlin hawakuona jeshi lao likishindwa, na asiyeona ni rahisi kudanganywa.

Waliodanganya walianza mapema. Tarehe 10 Desemba 1918 Ebert, akiwapokea askari Berlin, aliwaambia hakuna adui aliyewashinda. Alitaka kuwatuliza, akatoa silaha ambayo maadui zake waliitumia dhidi yake. Tarehe 18 Novemba 1919 Hindenburg alikaa mbele ya kamati ya bunge na kusema jeshi lilichomwa kisu mgongoni. Huyu ni mtu yuleyule wa waraka wa 3 Oktoba. Erzberger, aliyesaini kwa maelekezo yake, aliuawa kwa risasi na maofisa wa zamani Agosti 1921.

Sasa Lettow-Vorbeck. Wewe wa Tabora unajua kwamba mji wako uliingia mikononi mwa Wabelgiji na askari wao wa Kongo Septemba 1916. Dar es Salaam ilikuwa imeanguka mwanzoni mwa mwezi huohuo. Novemba 1917 alisukumwa nje ya koloni lote, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na Septemba 1918 akarudi kupitia Ungoni kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Hakukamatwa, ni kweli, na kwa ufundi wa kukwepa ana sifa yake. Lakini jeshi linalozunguka likinyang'anya vyakula vya wanavijiji halijalinda chochote, na waliolipa ni wapagazi na wakulima: kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa katika kumbukumbu rasmi wanazidi 95,000. Kifungu cha 17 cha makubaliano ya Compiègne kilimhusu yeye. Rasimu ya kwanza ilidai majeshi yake yajisalimishe bila masharti. Wajumbe wa Ujerumani wakafanikiwa kuibadilisha iwe yaondoke Afrika Mashariki. Habari ilimfikia 13 Novemba karibu na Kasama, kupitia mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyetekwa akiwa na ujumbe. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168. Machi 1919 alipita katika Lango la Brandenburg akishangiliwa kuwa ndiye asiyeshindwa, na hadithi ya kisu mgongoni ikapata shujaa wa kuisindikiza.

Kuhusu tarehe za darasani. Mapigano Ulaya yalisimama 11 Novemba 1918. Yale yalikuwa makubaliano ya muda, yakaongezwa mara tatu, Desemba, Januari na Februari. Kisheria, vita kati ya Ujerumani na wengi wa wapinzani wake vilimalizwa na Mkataba wa Versailles uliosainiwa 28 Juni 1919 na kuanza kutumika 10 Januari 1920. Kwa Afrika Mashariki andika 25 Novemba 1918. Mtihani ukiuliza tu "vita vilikwisha lini", mwanafunzi aandike 11 Novemba, na nafasi ikibaki aongeze 29 Septemba na maelezo ya mstari mmoja.